Msafiri wa Shanta na Vishawishi vya Bangkok

Kwa nini mtu mwenye akili timamu huweka azimio asubuhi, kisha akalivunja mwenyewe kabla ya usiku kuingia? Swali hili ni la kale, na kwa karne nyingi liliachiwa wahubiri na washairi. Katika muda wa miaka 60 hivi iliyopita wanasayansi nao wameliingiza maabarani, na majibu waliyoyapata hayafanani sana na yale yaliyozoeleka. Ili yaeleweke vyema, yafaa yatazamwe mahali ambapo vishawishi vimekusanyika kwa wingi usio wa kawaida. Bangkok ni mahali pa namna hiyo.

Mji na mgeni wake

Bangkok, ambao wenyeji huuita Krung Thep, umekuwa mji mkuu wa Thailand tangu mwaka 1782, na ni miongoni mwa miji inayopokea watalii wengi zaidi duniani. Vijana wasafirio kwa gharama ndogo, mali yao yote ikiwa katika shanta mgongoni, hufikia hasa katika mtaa wa Khao San na vichochoro vilivyo jirani. Jina la mtaa huo maana yake ni mchele uliokobolewa, kwani hapo zamani palikuwa na biashara ya mchele. Siku hizi huuzwa nyama iliyochomwa kwenye vijiti, tambi za kukaanga, fulana, vileo, huduma ya kukandwa mwili na tiketi za safari za visiwani. Mwisho wa juma ukifika, soko la Chatuchak nalo hufungua maelfu ya vibanda vyake.

Na achukuliwe msafiri mmoja wa mfano. Ana baht 30,000 za kutumia kwa siku 30, yaani baht 1,000 kila siku kwa malazi, chakula na nauli. Kila kishawishi anachokutana nacho kinagharimu baht 150 tu, kiasi kisichomtisha mtu. Akikubali vinne kila siku, matumizi yake yatapanda hadi baht 1,600, na fedha zote zitakwisha siku ya 19. Hakuna kishawishi hata kimoja ambacho peke yake kingeweza kumfilisi. Hata hivyo, amebakiwa na siku 11 ugenini, hana nauli wala mahali pa kulala.

Kutamani si kufurahia

Ndani kabisa ya ubongo zimo seli za neva zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Mara nyingi kemikali hii huelezwa kuwa ni ya raha, lakini maelezo hayo yana kasoro. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1997, Wolfram Schultz na wenzake walieleza jinsi seli hizo zifanyavyo kazi katika ubongo wa nyani waliopewa maji ya matunda. Mwanzoni seli zilisisimka nyani alipopata kinywaji. Baada ya kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia kinywaji, zilisisimka kwa ishara yenyewe, wala si kwa kinywaji. Na ishara ilipotolewa bila kinywaji kufuata, msisimko wake ulishuka chini ya kawaida.

Mtaalamu mwingine, Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, alionyesha kwamba panya walioondolewa dopamini hawakujihangaisha kutafuta chakula, lakini sukari ilipotiwa kinywani mwao, nyuso zao zilionyesha kuwa bado waliifurahia. Basi kutamani na kufurahia ni mambo mawili tofauti. Harufu ya moshi wa nyama, taa za rangi na sauti ya muziki katika mtaa wa Khao San ni ishara, kama ile ya nyani. Humwamshia msafiri uchu kabla hajaonja chochote, na nguvu ya uchu huo si kipimo cha raha atakayoipata.

Cha karibu huonekana kikubwa

Jambo la pili ni umbali wa wakati. Mti mdogo ulio karibu huweza kuuficha mlima ulio mbali. Vivyo hivyo, starehe ndogo ya sasa huifunika faida kubwa ya baadaye. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1974, George Ainslie aliwapa njiwa nafasi ya kuchagua chakula kidogo papo hapo, au kingi zaidi baada ya kusubiri kwa muda mfupi. Karibu kila mara walichagua kidogo. Lakini walipowekewa kidude ambacho, kikidonolewa mapema, kingezuia kile chakula kidogo kisitolewe kabisa, baadhi yao walijifunza kukidonoa. Ndege hao hawakuwa na nguvu ya kukishinda kishawishi kilipokuwa mbele yao, ila waliweza kukizuia kisiwafikie.

Macho hayana pazia

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Walter Mischel na mwenzake waliwaahidi watoto wadogo kitafunio wanachokipenda zaidi endapo wangesubiri. Kwa mujibu wa taarifa yao ya mwaka 1970, watoto waliowekewa vitafunio mbele ya macho walisubiri kwa takriban dakika 1 kwa wastani. Wale ambao vitafunio vyao viliondolewa machoni walisubiri zaidi ya dakika 11. Wahenga walisema macho hayana pazia. Watoto hawa walisaidiwa kwa kuwekewa pazia.

Yapasa walimu wakumbuke kwamba dai lililoenea baadaye, kuwa mtoto aliyesubiri ndiye atakayefanikiwa maishani, lilipunguzwa uzito na uchunguzi wa mwaka 2018. Hali ya nyumbani ilipozingatiwa, sehemu kubwa ya uhusiano huo ilitoweka.

Je, nia ni msuli?

Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walitoa wazo kwamba nia huchoka kama msuli: mtu aliyejizuia asile biskuti hukata tamaa upesi apewapo fumbo gumu. Wazo hilo lilipendwa sana. Hata hivyo, mwaka 2016 maabara 23 zilipolijaribu kwa watu zaidi ya 2,000, athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Hivyo ndivyo sayansi iendavyo: wazo zuri nalo halina budi kupimwa tena.

Uchunguzi mwingine ulitoa mwanga zaidi. Wilhelm Hofmann na wenzake, katika taarifa ya mwaka 2012, waliwafuatilia watu wazima 205 nchini Ujerumani kwa juma zima, wakiwauliza mara kwa mara juu ya tamaa zao za wakati ule. Watu wenye sifa ya kujitawala hawakuwa mashujaa wa mapambano makali, bali walikutana na mapambano machache zaidi.

Kishawishi kinapovaa sura ya msaada

Si kila mtego una harufu nzuri. Karibu na Kasri Kuu la Bangkok mgeni huweza kuambiwa na mtu mpole kwamba kasri limefungwa siku hiyo, kisha akapewa safari ya bei ya chini mno katika tuk-tuk, chombo cha magurudumu matatu kinachofanana na bajaji ya Tanzania. Safari huishia katika duka la vito, ambako huambiwa kuwa nafuu ya bei inakwisha leo. Dereva hupata malipo yake dukani, na mgeni hupata mawe yasiyo na thamani aliyoyalipia. Neno “leo” ndilo lenye kazi hapa: humnyima mgeni muda wa kupima, na kuifanya starehe ya karibu ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Maandalizi ya msafiri

Kutokana na hayo, njia za kujilinda zinajionyesha zenyewe. Kwanza, msafiri atoke na fedha za siku moja tu, nyingine aziache chini ya kufuli katika nyumba ya wageni. Huko ni kukidonoa kile kidude mapema. Pili, achague malazi na njia za kupita zilizo mbali na mtaa wa kelele. Tatu, aweke mpango wa “ikiwa, basi”, ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameuchunguza kwa miaka mingi: “Ikiwa mtu ataniambia kasri limefungwa, basi nitakwenda hadi langoni nikaone mwenyewe.” Nne, atenge sehemu ya fedha kwa ajili ya starehe. Anayekataa kila kitu hana sababu ya kusafiri, na azimio lisilo na nafasi ya furaha halidumu.

Zoezi la darasani

Mwalimu awaombe wanafunzi waandike kwa siku 5 kila kishawishi kilichowaondoa katika masomo: kilikuwa umbali gani, kilionekana au kusikika, na wafanye nini ili siku ya sita kisiwafikie. Simu iliyo juu ya meza na simu iliyo chumba kingine zitawapa mfano wa kwanza. Bila shaka watagundua kwamba safari ya Bangkok haihitaji ndege wala pasipoti, na kwamba ushindi hupangwa asubuhi, kabla vita havijaanza.