Mapaa ya Zamani na Vifua vya Mafundi Wetu

Wazee wa Songea wanakumbuka habari za vijana waliokwenda kusini kwa Wenela, kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini. Uandikishaji ule ulikomeshwa baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Wako waliorudi na baisikeli na mablanketi. Wako pia waliorudi na vumbi la mawe kifuani, likaendelea kuwadhoofisha hali kazi wamekwisha iacha. Basi tulipaswa kujifunza tangu zamani kwamba vumbi la kazi haliishi siku mshahara unapokwisha.

Leo twataka kusema juu ya vumbi jingine, nalo ni la asbesto. Katika nchi yetu shule na nyumba nyingi za watumishi zilizojengwa zamani ziliezekwa kwa vigae vya asbesto, kwa kuwa havishiki moto wala kutu. Sasa vimechakaa. Vinapong'olewa huitwa fundi na vibarua wake, na mara nyingi huja na nyundo na msumeno tu, bila kitu cha kuziba pua.

Kigae kizima kilichotulia juu ya paa hakina hatari kubwa. Hatari huanza kinapovunjwa, kinapokatwa au kinapomomonyoka. Hapo hutoka nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo zikivutwa hukaa mapafuni. Huleta makovu ya mapafu yaitwayo asbestosi, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka, yaani mesotelioma. Mwaka 1960 Daktari J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo ya utando huko Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba asbesto, bali waliishi tu jirani na migodi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Je, ni nani aliye karibu zaidi na kifo hicho? Kwanza, ni yule aliyevuta vumbi jingi kwa muda mrefu. Pili, ni yule aliyeanza angali kijana, maana maradhi haya huweza kujificha miaka 20, 30, hata zaidi ya 40. Tatu, ni aliyeshika asbesto ya buluu au ya kahawia, ingawa hata nyeupe si salama. Nne, ni mke anayefua nguo za kazi za mumewe.

Tano, ni mvuta sigara. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1979 ulionyesha kwamba mfanyakazi wa asbesto asiyevuta sigara alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 5 hivi kuliko mtu asiyegusa vyote viwili. Mvuta sigara asiyefanya kazi hiyo, mara 11 hivi. Mwenye yote mawili, zaidi ya mara 50. Ndugu fundi, vumbi la jana huwezi kulitoa, lakini sigara waweza kuitupa leo.

Mtu aweza kusema kwamba paa linavuja na watoto wanaloa, kwa hiyo tusichelewe. Nasi hatusemi ichelewe. Twasema ifanywe kwa akili. Vigae vilowanishwe maji, vifunguliwe bila kuvunjwa, vifungwe vizuri, na vizikwe mahali palipokubaliwa na mamlaka ya mazingira. Vipande visichukuliwe kujengea mabanda ya kuku. Vibarua wapewe barakoa za kazi hiyo, wala si kitambaa, na nguo zao zisiende nyumbani.

Liko jambo moja zaidi. Tunayo sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kibarua wa siku tatu akianza kukohoa baada ya miaka 30, nani atashuhudia kwamba alipanda paa lile? Kwa hiyo twaziomba halmashauri na wakandarasi waandike jina la kila kibarua, tarehe na jengo, na kuitunza orodha hiyo. Gharama yake ni daftari moja na kalamu.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Tusiudharau mwiba huu kwa kuwa hauonekani.