Sheria ya Jana Haimtetei Mwindaji wa Leo

Asubuhi na mapema mkulima anatoka kwenda kuangalia maharagwe yake. Anakuta mistari mingi imeliwa, na nyayo za pongo zimejaa udongoni. Anarudi nyumbani kwa hasira. Darini ana waya mgumu uliobaki alipojenga ua. Katika sanduku la bati ana karatasi ya zamani ya marehemu baba yake: leseni ya kuwinda, yenye muhuri wa Serikali. Anajiambia, "Baba aliruhusiwa, basi na mimi naruhusiwa." Jioni anatega tanzi kando ya ua. Siku ya tatu anapata nyama. Siku ya nne anapata askari wa wanyama mlangoni.

Mkulima huyu hatumpi jina, kwa sababu huenda akawa mtu ye yote katika skimu zetu. Pengine si mtu mbaya. Analipa madeni yake, anapeleka watoto shuleni, na ng'ombe wake huogeshwa kila juma. Kosa lake ni moja: alishika sheria ambayo ilikwisha kufa zamani, akadhani ingali hai. Na kwa kosa hilo anaweza kufungwa wakati wa kupalilia, mahindi yakamezwa na magugu, na ng'ombe wa maziwa akauzwa kwa ajili ya faini.

Kwa hiyo yafaa tuangalie jambo hili tangu mwanzo, kila mtu apate kuelewa.

SHERIA IMEBADILIKA MARA NYINGI

Wazee wanaposema kwamba zamani watu waliwinda kwa ruhusa, wanasema kweli. Chini ya sheria ya kulinda wanyama ya mwaka 1951, mtu aliweza kununua leseni kwa Idara ya Wanyama. Leseni zilikuwa za namna mbalimbali. Mnyama mkubwa kama ndovu alihitaji leseni ya peke yake, tena ya bei kubwa. Bwana Nyama ndiye aliyesimamia mambo hayo, na kila mwenye leseni alitakiwa kujua wanyama gani ameruhusiwa, wangapi, na mahali gani.

Skimu za kwanza za ekari milioni zilipofunguliwa mwaka 1962 na baadaye, wakulima waliohamia Nyandarua, Laikipia na kwingineko walizikuta kanuni hizo. Ndiyo maana karatasi za namna ile zinaonekana hata leo katika masanduku ya wazee.

Lakini mambo hayakusimama pale. Mwaka 1973 Serikali ilikataza kuwinda ndovu. Mwaka 1976 Bunge lilitunga sheria mpya, na Idara ya Wanyama ikaunganishwa na Mbuga za Taifa. Mwezi wa Mei mwaka 1977 uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini kote. Leseni zote zikawa karatasi tupu. Mwaka uliofuata, 1978, ikakatazwa pia biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vitokanavyo na wanyama wa pori.

Sababu ilionekana kwa macho. Katika miaka ya 1970 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa zaidi ya 160,000. Kufikia mwaka 1989 walibaki kama 16,000 tu. Vifaru nao walikaribia kwisha kabisa. Mwaka huo wa 1989 Rais Moi alichoma moto tani 12 za pembe za ndovu huko Nairobi, ulimwengu wote ukaona kwamba Kenya haitaki tena biashara hiyo. Mwaka 1990 Shirika la Wanyamapori la Kenya, yaani KWS, likaanza kazi.

Kisha ikaja ruhusa ndogo iliyowachanganya watu wengi. Katika miaka ya 1990 wenye mashamba katika sehemu chache walikubaliwa, kwa majaribio, kuvuna idadi fulani ya wanyama kama punda milia na kuuza nyama. Majaribio hayo yalisimamishwa mwaka 2003. Aliyeendelea baada ya hapo kwa kusema "tulipewa ruhusa" alikuwa mwindaji haramu kama wengine.

Sheria inayotawala tangu Januari 2014 ni ile ya mwaka 2013. Hiyo haikuacha mlango wazi. Kuwinda kwa mchezo ni kosa. Kuwinda ili kuuza nyama ni kosa. Na jambo ambalo wengi hawajalisikia: hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Sheria ilipoandikwa, aliyewinda kwa kitoweo aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Baada ya hapo adhabu kadha za sheria hiyo zimerekebishwa. Basi usitegemee hesabu uliyosikia sokoni, uliza.

WALIOIPATA SHERIA IMEKWISHA WAKUTA

Mtu anaweza kusema, "Lakini mimi sikuambiwa." Maneno hayo yana uzito, wala hatuyadharau. Tuwakumbuke Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, wa nchi iliyo kati ya Tsavo na mto Galana. Walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde mzito na mshale wenye sumu. Uwindaji ndio uliokuwa shamba lao na ng'ombe wao. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, msitu wa baba zao ukawa mahali pa kukatazwa. Miaka michache baadaye, yapata 1956 na 1957, msako mkubwa ulifanywa, na wengi wao wakatiwa gerezani.

Baadaye Serikali yenyewe iliona kwamba kufunga watu tu hakutoshi. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, ili Waata wawinde kwa kipimo na kwa halali, na kupata mapato. Mpango ule haukudumu, lakini unatufundisha mambo mawili. La kwanza, ni wajibu wa Serikali kuipeleka sheria mpaka kwa mtu wa mwisho kijijini, kwa lugha anayoielewa. La pili, sheria haikumngoja mtu aliye porini mpaka asikie. Ilimkuta huko huko na upinde mkononi.

Leo mkulima wa skimu ana redio na simu, na ana baraza la Chifu. Udhuru wake ni mdogo kuliko ule wa Waata.

KUTOJUA SI UTETEZI

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu chake cha 7, inasema wazi kwamba kutojua sheria hakumwondolei mtu hatia. Wengine huona jambo hili kuwa gumu. Lakini fikiri: kama kutojua kungekuwa utetezi, kila mwizi angesema hajui, na mwenye kujitahidi kujua ndiye angekuwa mjinga.

Mkulima amekwisha zoea jambo hili katika kazi nyingine. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, hapeleki ng'ombe mnadani kwa sababu mwaka jana mnada ulikuwa wazi. Anauliza kwanza. Dawa ya kuogesha ikibadilishwa, hachanganyi kwa kipimo cha zamani. Basi kwa wanyama wa pori afanye vivyo hivyo.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usiwinde kwa bunduki, upinde, mbwa wala tanzi, hata kama mnyama amesimama katikati ya shamba lako. Hati ya shamba ni ya ardhi. Mnyama wa pori si mali ya mwenye shamba. Serikali inamshika kwa niaba ya wananchi wote.

2. Ondoa kila tanzi unaloliona. Tanzi halichagui. Leo linashika pongo, kesho linashika ndama wako au mbwa wa jirani.

3. Usinunue nyama ya pori kwa mpitaji, hata akikuapia kwamba ni ya mbuzi au ya ng'ombe. Kuwa nayo kunaweza kukupeleka kortini. Tena nyama hiyo haikupimwa na afisa wa mifugo, na kimeta kimeua watu waliokula mzoga.

4. Tazama vitu vya kale nyumbani. Ngozi ya chui ya babu, kofia ya ngozi ya mbega, kipande cha pembe ya ndovu: vyote hivyo vinahitaji kibali. Sheria ya 2013 iliweka adhabu ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitano, kwa uchache, kwa mtu aliye na vitu hivyo bila kibali. Usivitupe wala usiviuze. Nenda kwa Chifu au ofisi ya KWS, ueleze, ufuate utakavyoambiwa.

5. Waambie vijana. Mvulana anayefukuza digidigi kwa mbwa siku ya Jumapili hudhani anacheza.

6. Kila mwaka, kabla ya mvua, uliza barazani kama kuna kanuni mpya. Tangazo la sheria hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lakini si kila mtu analiona. Chifu na ofisi ya KWS ndio wa kuulizwa.

NA MAZAO YANAYOLIWA JE?

Hapa ndipo mkulima anapouma midomo, na ni haki yake. Hawezi kuambiwa "usiue" tu, na watoto wake wakalala njaa.

Sheria ya 2013 iliweka fidia. Mtu aliyeuawa na mnyama aliye katika orodha ya sheria, jamaa zake walipangiwa shilingi milioni 5. Mazao na mifugo nayo yanaweza kulipiwa kwa bei ya soko, baada ya dai kupita katika kamati ya kaunti. Ni kweli kwamba malipo yamechelewa mara nyingi, na wakulima wamelalamika kwa haki. Lakini dai lisiloandikwa halilipwi kamwe. Kwa hiyo piga ripoti siku ile ile. Usifyeke mabaki kabla ya afisa kuja kuyaona. Piga picha kama una simu. Weka nakala ya fomu. Tena kumbuka kwamba asiyejitahidi kulinda shamba lake anaweza kunyimwa fidia.

Kulinda kunawezekana. Wakulima wa Nyandarua wanaujua ua wa umeme wa milima ya Aberdare, ulioanzwa mwaka 1989 na kumalizika mwaka 2009, wenye urefu wa karibu kilomita 400. Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwa waya kuzunguka mashamba. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia. Na mwenye shamba hupata asali. Huko Kwale, wakulima wa Mwaluganje, karibu na Shimba Hills, walikubali katika miaka ya 1990 kuitoa ardhi yao iwe njia ya ndovu, ili wagawane fedha wanazolipa wageni. Waliona kwamba mahindi hayawezi kushindana na ndovu kila mwaka.

Na ikiwa mnyama ameuawa katika kuokoa maisha ya mtu, usiguse nyama, ngozi wala pembe. Piga ripoti mara moja, ukiwa na mashahidi.

Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu 36,280 nchini. Wameongezeka, na wakiongezeka watazidi kukutana na mashamba yetu. Huenda sheria ikabadilika tena, ikawa nyepesi au nzito zaidi. Wajibu wa mwananchi haubadiliki: aulize kabla ya kutenda.

Ile leseni ya baba iliyo sandukuni, itunze kama kumbukumbu. Waonyeshe wajukuu jinsi mambo yalivyokuwa. Lakini usitoke nayo kwenda porini.