Chagua Mzizi Kabla ya Chungwa



Hapana mwenye shamba visiwani asiyejua uchungu wa mkarafuu kufa ghafla: mti wa miaka mingi, leo mbichi, baada ya siku chache umekauka. Mkarafuu huoteshwa kwa mbegu, nao husimama juu ya mizizi yake wenyewe. Lakini wengi wetu tuna michungwa pia, na katika mchungwa mwenye shamba anaweza kuchagua mzizi.

Tujifunze kwa wenzetu wa Mwanza. Mnyauko wa pamba hukaa udongoni na kuingia kwa mizizi. Dawa ya kunyunyiza haiufikii. Kwa hiyo kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilitafuta pamba yenye kuustahimili, na mbegu kama UK 91 zikachukua herufi za jina lake. Pamba hupandwa kila mwaka, basi mkulima hubadili mbegu. Mchungwa ni mti wa miaka, na hatutaki kupoteza utamu wa tunda. Hapo hubadilishwa mzizi tu. Mche wa mti mwingine huoteshwa, kisha hubebeshwa jicho la mchungwa mtamu. Kwa wakulima wa machungwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilo, jambo ni hilo hilo kama kwetu.

Mzizi gani? Mdanzi hustahimili kuoza kwa shina. Lakini mchungwa uliobebeshwa juu yake huangamizwa na tristeza, yaani huzuni, ugonjwa unaoenezwa na vidukari weusi. Huko Brazili, tangu 1937, mamilioni ya michungwa ya namna hiyo ilikufa. Na ugonjwa umo Afrika Mashariki pia. Mlimau wa kienyeji, wenye ganda la vinundu, hustahimili tristeza na ukame. Adui yake ni maji yaliyotuama, ambayo huozesha shina.

Vidukari huruka popote, lakini maji tunaweza kuyaepuka. Basi tushike mlimau, tuupande mahali pasipotuama maji. Jicho libebeshwe juu, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, na udongo usirundikwe shinani.

Ukienda kununua miche, usiulize kwanza chungwa ni la aina gani. Uliza limebebeshwa juu ya mti gani. Muuzaji asiyejua, mwachie miche yake.