Gando: Mechi saa 10, maji nayo saa 10

UKIWA shabiki wa soka umezoea kuuliza mechi inaanza saa ngapi. Gando swali hilo huja la pili. La kwanza ni maji yanajaa saa ngapi.

Gando ipo Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, upande wa magharibi wa kisiwa. Mbele yake kuna Kisiwa cha Fundo, na kaskazini ya Fundo kipo Njao. Visiwa hivyo viwili vimekaa kama mabeki wa kati, vinazuia mawimbi ya Mkondo wa Pemba yasipite. Nyuma yao maji yametulia na mikoko imeyazunguka, na humo ndani vyombo vinapishana kutwa: mitumbwi, ngalawa, madau, mashua za mashine. Vingine vinavua, vingine vinavusha abiria na magunia ya mwani. Vingine havina kazi yoyote jioni hiyo zaidi ya kutweka tanga na kutafuta mtu wa kushindana naye.

Watu wa bara wakisikia habari ya boti za starehe, akili inakwenda kwenye yoti nyeupe ya tajiri mwenye miwani ya jua. Pemba starehe hiyo ni ya maskini pia, na ni ya zamani. Mvuvi akishamaliza kuuza samaki wake, chombo kilekile kilichomtoa baharini alfajiri ndicho anachokwenda nacho kwenye resi.

Na resi ya ngalawa si mchezo wa kitoto. Ngalawa ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi kwamba bila mirengu yake miwili ya pembeni ingepinduka hapohapo. Haina mashine wala kasia la kukuokoa. Kuna tanga, kuna foromali, kuna kamba ya demani mkononi mwa nahodha, basi. Upepo ukizidi, baharia mmoja anatoka nje kabisa na kukaa juu ya mti wa mrengu ili chombo kisilale. Kama ni soka, huyo ndiye beki wa pembeni anayepanda kushambulia na kurudi kukaba, halafu siku ya kugawa zawadi anatajwa nahodha peke yake.

Kwenda na upepo kila mtu anaweza. Utamu upo kwenye kurudi, pale chombo kinapopiga bisho, kinakwenda upande huu kisha kinageuzwa upande ule, na kila kugeuza tanga lazima lihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Mabaharia wakikosea hapo tu, mwenzao aliyekuwa nyuma kama uwanja mzima anawapita. Ndiyo maana resi hizi hazikosekani kwenye shamrashamra za Mapinduzi na za sikukuu visiwani, na zina mashabiki wanaobishana kama wa Simba na Yanga.

MAJI YASIYOSUBIRI REFA

Sasa tuje kwenye saa 10.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa upande huu wa bahari hufika karibu mita 4. Kwa shabiki wa mpira hesabu ni nyepesi: mwamba wa juu wa goli upo mita 2.44 kutoka chini. Msimamishe mtu mzima juu ya mwamba huo, na utosi wake ndipo maji yalipokuwa jioni. Usiku yamerudi miguuni pa golikipa.

Siku za bamvua maji ya Pemba hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yanageuka: yanaingia maji mafu, na saa 10 jioni ndiyo bahari imekauka. Ratiba hii haijawahi kuahirishwa.

Resi za ngalawa zinahitaji maji mengi, maana kwenye maji madogo mirengu inakwaruza matumbawe na chombo kinakwama kwenye fungu. Kwa hiyo zinahitaji bamvua, jioni, saa 10. Na mechi za ligi za wilaya, za mabonanza, za kijiji na kijiji, zinaanza saa ngapi? Saa 10 jioni, jua likishapungua. Michezo miwili inayopendwa kuliko yote inagombea saa moja, tena mara nyingi inagombea vijana walewale. Winga huyohuyo ndiye anayeshika demani.

Lakini kugombana kwa ratiba si kitu. Tabu yenyewe inaanza filimbi ya mwisho ikishapulizwa.

Chukua timu ya ng'ambo, kutoka kisiwani, inayovuka kuja kucheza siku ya bamvua. Inakuja na maji yaliyojaa, wachezaji wanashuka karibu na nchi kavu, viatu begani, hata soksi hazijalowa. Mpira unaanza saa 10, unamalizika kama saa 12. Maji tayari yana saa mbili yanatoka, ila mwanzoni hutoka polepole na mtu hashtuki. Yanapoingia saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia: nusu ya kina chote huondoka ndani ya saa hizo mbili tu. Maana yake, kati ya saa 12 na saa 2 usiku bahari inashuka kama mita 2. Mchezaji anayechelewa kwa kupiga picha na kombe anakuta chombo chake kimepwelewa, kimelala ubavu kwenye tope.

Mechi ikienda kwenye matuta je? Kocha anamwangalia refa, nahodha wa mashua anaangalia baharini. Wote wawili wana presha, ila wa pili ndiye mwenye sababu.

USIKU WA GOMBANI

Mashabiki wa Pemba hawawezi kuisahau Januari 13, 2025. Fainali ya Kombe la Mapinduzi ilipigwa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso mabao 2-1. Kisiwa kizima kililipuka. Timu ya taifa kutwaa kombe nyumbani Pemba, tena mbele ya wageni kutoka Afrika Magharibi, si jambo la kila mwaka.

Usiku huo ulikuwa wa mwezi mpevu. Bamvua. Mechi ilichezwa usiku, chini ya taa. Shabiki wa visiwa vidogo vya Kaskazini Pemba aliyetaka kuiona kwa macho yake alikuwa na maji mazuri ya kuvukia jioni, lakini hesabu ya kurudi ilikuwa mbaya: toka Chake Chake hadi Wete peke yake ni kiasi cha kilomita 30, na ukifika pwani karibu na saa 4 usiku au baada yake, bahari ipo chini kabisa. Hapo ni kuchagua: kuvua suruali na kukanyaga tope gizani hadi kwenye kina, kulala kwa ndugu, au kusubiri maji ya alfajiri. Mwangaza wa mwezi ulikuwepo, angalau.

Hii ndiyo sababu habari ya sehemu za kufungia vyombo inastahili kukaa kwenye kurasa za michezo. Zikitajwa bandari za Pemba, huanza Mkoani, ikafuata Wete. Madiko kama la Gando hayapewi nafasi hata ya benchi. Kwenye madiko ya namna hii, chombo kidogo hufungwa kwenye kigingi cha mkoko kilichochomekwa na mwenyewe, au hutiwa nanga na kamba ikalazwa popote. Kamba moja inavuka nyingine. Mashua ya mashine inaingia usiku, panga la injini linanasa kwenye kamba ya mtu, na kesho yake ni ugomvi. Ngalawa ya resi, ambayo mwenyewe ameikalafati na kuipaka sifa mwezi mzima, inagongwa ubavuni na dau lililolegea kamba. Hakuna refa wa kuamua nani alikuwa wa kwanza.

Na si wanamichezo tu. Kwenye tope hilohilo anapita mgonjwa anayepelekwa Wete, mama mwenye gunia la mwani kichwani, mwanafunzi mwenye sare. Mchezaji akiteleza anacheka na wenzake. Mama mjamzito akiteleza, hakuna wa kucheka.

Wageni nao wana shida yao. Yoti zinazoshuka au kupanda kwenye pwani hii hupenda kuingia kupitia mlango wa Njao kutafuta maji matulivu nyuma ya visiwa, na boti za wazamiaji hufuata miamba ya Fundo na Njao. Pasipokuwa na boya la kufungia, kila mmoja anatupa nanga yake, na nanga haichagui kati ya mchanga na tumbawe. Eneo lote hili la magharibi ya Pemba limo ndani ya hifadhi ya PECCA tangu 2005. Nanga moja inayoburuzwa na upepo inavunja matumbawe ya miaka mingi, nyumba ya samaki walewale wanaomlisha mvuvi mwenye ngalawa.

Dawa yake si ya ajabu. Boya la kudumu ni tofali zito la zege lililozamishwa, mnyororo, na boya juu. Chombo kinajifunga kwenye boya, nanga inabaki ndani. Kwa abiria ni ngazi ya zege inayofika hadi maji yanapopwa, siyo inayoishia pale yanapojaa tu. Penye kina cha kutosha kuna gati linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na bahari. Na taa. Amaan ilifungwa, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 27, 2023. Gombani nayo sasa inapiga mechi za usiku. Taa za uwanjani zimefika, za dikoni zikifuata mtu hatashangaa.

Halafu kuna usalama, ambao Wapemba hawahitaji kufundishwa. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikiwa njiani kuelekea Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Hiyo ilikuwa meli kubwa. Mashua ya mashabiki inayojazwa kwa sababu maji yanakimbia na kila mtu anataka kuwahi haina tofauti kubwa kwa namna ya kufikiri: mmoja zaidi, hakidhuru. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ndiyo inayosimamia vyombo na maboya ya kuvalia watu, lakini kanuni inakuwa ngumu kufuatwa pale watu wanapopakia gizani, maji yakiwa magotini na yanazidi kupungua.

Ukitaka kejeli ya soka ipo pia. Timu iliyotwaa ubingwa wa Zanzibar mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, ni KMKM, timu ya kikosi kinacholinda bahari dhidi ya magendo. Mashabiki wanaiita Mabaharia. Na klabu ya Jamhuri ya Wete, jirani kabisa na Gando, ilikuwa bingwa mwaka 2003. Soka la visiwa hivi limejaa watu wa baharini tangu zamani. Wapanga ratiba ndio wanaojifanya wanaishi Dodoma.

Kalenda ya mwezi ingetosha kuanzia. Mechi inayohusisha timu ya kisiwani ikipangwa siku mbili tatu baada ya bamvua, maji yanajaa saa 12 hivi, na wachezaji wanaondoka yakiwa juu. Resi ya ngalawa ikabakishiwa siku yenyewe ya bamvua, saa yake ileile ya 10. Katibu wa mashindano hahitaji bajeti kwa hilo, anahitaji kumuuliza nahodha mmoja kabla hajabandika ratiba.

Mengine, zege na mnyororo na taa, yanahitaji fedha. Mpaka hapo, timu ikishinda Gando, shangwe ni fupi. Mtu mmoja amebeba mipira, mwingine amebeba kombe, na nahodha wa mashua yupo chini kwenye maji, upondo mkononi, anawapigia kelele waharakishe.