Homa Isiyoshuka Baada ya Upasuaji

Homa ya usiku wa kwanza baada ya upasuaji mara nyingi haitokani na vijidudu. Mwili uliokatwa na kushonwa humwaga kwenye damu kemikali za kinga, mojawapo interlukini-6, nazo hupandisha joto hadi kupita nyuzi 38. Kwa kawaida joto hilo hushuka lenyewe katika siku mbili tatu. Hata hivyo, kidonda hufunuliwa na kutazamwa siku yoyote, kwa sababu streptokoka wa kundi A na klostridia huweza kukiozesha ndani ya saa 24 tu.

Kuanzia siku ya 3, shaka huelekea kwenye mapafu, mahali ilipochomwa dripu, na mkojo wa aliyewekewa mpira. Kati ya siku ya 5 na ya 10 hutafutwa usaha kwenye mshono, jipu tumboni au utumbo unaovuja ulipoungwa. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, mji wa mimba huchunguzwa mapema zaidi.

Penye malaria nyingi, kosa la hatari ni kusimamisha uchunguzi mara kipimo kinapoonyesha malaria. Kipimo ni lazima kifanyike, lakini mtu mzima wa maeneo hayo anaweza kubeba vimelea bila kuugua, na baadhi ya vipimo vya haraka huendelea kusoma malaria wiki kadhaa baada ya tiba. Mgonjwa humaliza dozi huku jipu likikua.

Damu ya kuotesha vijidudu hutolewa sehemu mbili za mwili kabla ya antibayotiki. Ikichelewa, dawa huficha kilichokuwa kikitafutwa. Mwaka 1991 Durack na Street walipendekeza kwamba homa iliyoanzia hospitalini iitwe ya chanzo kisichojulikana baada ya angalau siku 3 za uchunguzi, 2 kati yake zikiwa za kuotesha.

Hapo ultrasaundi au CT husaka jipu chini ya kiwambo au kwenye nyonga, shashi iliyosahauliwa tumboni, na damu iliyoganda miguuni au kwenye mishipa ya nyonga. Jipu kubwa halitibiki kwa sindano pekee. Sharti usaha utolewe. Visipopatikana hivyo vyote, na mgonjwa haonekani kuzidiwa, hushukiwa dawa zenyewe, hasa jamii ya penisilini. Ikisimamishwa dawa husika, joto kwa kawaida hushuka ndani ya siku 2 au 3.