Je, Wajua? Bakuli Lisilopita Motoni

Chungu cha udongo na sufuria ya shaba vina mama mmoja: moto. Pale Fort Jesus, Mombasa, vimehifadhiwa vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Miongoni mwake zimo kauri za Kichina, ambazo zilionja tanuri muda mrefu kabla ya kuonja maji ya chumvi.

Bakuli la Tabaka halijapita tanurini. Katika mji huu mdogo wa Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa papo hapo. Limeitwa hivyo kwa sababu linateleza mkononi kama sabuni. Machimboni na penye panga na patasi utawakuta zaidi wanaume. Kusugua kwa msasa na maji mpaka mikwaruzo iishe ni kazi ambayo aghalabu hufanywa na wanawake, kisha chombo hukaushwa na kupakwa nta.

Na je, wajua kwamba msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi ya dukani? Majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao.

Linalonishangaza zaidi ni ujasiri wa mchongaji. Mfinyanzi akiona ukingo umepinda, huukanda udongo upya. Mhunzi naye huurudisha mfuo wake motoni. Mchongaji hana pa kurudi: kipande alichokwisha kubandua hakirudi tena, na bakuli likipasuka, labda litazaa kibakuli, au yai la mapambo. Nikishika bakuli jembamba la Tabaka, lenye ukuta uliolingana pande zote, namfikiria mtu aliyejua mahali pa kukoma, na naona bei yake sokoni haimtoshi.

Vyombo vya mawe laini si vigeni katika historia yetu. Zaidi ya miaka 500 iliyopita, mafundi wa kaskazini mwa Madagaska walichonga vyungu vya jiwe la kloriti, vingine vyenye miguu mitatu na vifuniko. Wafanyabiashara walivivusha bahari, na wanaakiolojia wakaja kufukua vigae vyake Kilwa, kando ya vigae vya udongo na vya kauri.