Vita vya Lugalo, 1891: Kwa Nini Wajerumani Walishindwa?

Ukiulizwa kwa nini Wajerumani walishindwa Lugalo, usiishie kuandika kwamba Wahehe walikuwa majasiri. Ni kweli walikuwa majasiri, lakini Wahehe haohao walishindwa Kalenga mwaka 1894, na ujasiri wao haukuwa umepungua. Jibu lenye alama nyingi huonyesha maamuzi ya makamanda.

Usuli

Kufikia 1891 Wajerumani walikuwa wamezima upinzani wa Abushiri na Bwana Heri katika pwani. Bara, Mtwa Mkwawa alitawala Uhehe, na majeshi yake yalishambulia misafara ya biashara. Kamanda Emil von Zelewski aliongoza kikosi cha kwenda kuwaadhibu. Kikosi kilikuwa na Wajerumani wachache, askari wa Kiafrika zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha. Kumbuka jina hili: Zelewski ndiye aliyekuwa wakala wa kampuni ya Wajerumani huko Pangani mwaka 1888, na ubabe wake ulichangia kuzuka kwa upinzani wa Abushiri.

Makosa ya Zelewski

1. *Aliwadharau wapinzani.* Aliamini kwamba watu wenye mikuki na ngao wasingeweza kusimama mbele ya bunduki. Makosa mengine yote yalizaliwa na hili. Mdharau mwiba mguu huota tende.

2. *Alifunga mlango wa mazungumzo.* Kikosi chake kilichoma makazi njiani, na wajumbe wa Mkwawa walipigwa risasi. Baada ya hapo Mkwawa hakuwa na njia nyingine ila vita.

3. *Hakupeleleza njia.* Aliingia katika nchi ya vichaka na mawe makubwa bila kutuma wapelelezi wa kutosha mbele.

4. *Alipanga msafara vibaya.* Watu walitembea katika mstari mmoja mrefu, na silaha nzito zilikuwa zimefungwa kama mizigo. Silaha iliyofungwa haimsaidii mtu anayeshambuliwa ghafla.

Siku ya vita

Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walijificha Lugalo, karibu na Iringa ya leo. Walisubiri msafara uingie kati yao, kisha mlio wa bunduki ukawa ishara ya kushambulia. Kwa umbali mfupi namna ile, mkuki ulikuwa mwepesi kuliko bunduki. Mapigano makali yalikwisha kwa muda mfupi sana. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine 9, askari wapatao 250 na wapagazi wengi. Kundi la nyuma, chini ya Luteni Tettenborn, lilifanikiwa kurudi pwani. Wahehe waliteka bunduki nyingi, ingawa nao walipoteza wapiganaji wengi.

Baada ya Lugalo

Mkwawa alitegemea ngome yake ya Kalenga, yenye ukuta mrefu wa mawe na udongo. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi chini ya Gavana von Schele, safari hii wakiwa wamejiandaa. Lugalo mizinga ilikuwa mizigo; Kalenga ilielekezwa ukutani. Ngome ilianguka. Mkwawa aliendelea na vita vya kuvizia hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe.

Ona tofauti: Lugalo Wahehe walichagua mahali na wakati wa kupigana. Kalenga walichaguliwa na adui.

Jipime

*Eleza sababu nne za kushindwa kwa Wajerumani katika Vita vya Lugalo.*

Taja makosa mawili ya Zelewski na mbinu mbili za Wahehe. Kila hoja ieleze kwa kuonyesha ilivyoleta matokeo. Ukiandika "hakupeleleza njia", ongeza: "hivyo msafara uliingia mtegoni bila kujua". Hoja bila matokeo huonekana kama orodha tu, na utapoteza alama ulizostahili.